Kompyuta Uliyoniambia Ni Nzuri

Kemilembe mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kusema mwandishi ni mzima, wasiwasi ni kwake yeye msomaji. Nimeandika hivyo maisha yangu yote, hata ule mwaka niliolazwa na homa ya matumbo nikamwandikia baba yangu kutoka kitandani kwamba sijambo kabisa. Leo sitaanza hivyo. Mimi si mzima. Sina homa wala kikohozi, na ndizi ulizoniachia jikoni nimezila. Lakini tangu Jumatano sina amani, na kila nikikuona unakunja nguo zako natamani kukuita, ulimi unakataa. Ndiyo maana nimengoja uende Ihembe kumuaga bibi yako, mama wa mama yako, ndipo nikaketi mezani na daftari hili. Sasa ni saa nane mchana. Umesema utarudi kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Nina saa tatu hivi za kuandika jambo ambalo mwanamume mwingine angelisema kwa dakika mbili.

Mambo ya safari sina la kuongeza. Shangazi yako Eliza amekwisha kukuambia usinunue chakula dirishani, ushikilie mkoba wako, uweke nauli ya akiba kwenye soksi. Amekuambia mara tatu mbele yangu. Mimi nataka kusema juu ya kompyuta.

Najua, Kemilembe. Najua kalamu haiandiki upande wa kulia.

Ngoja nikueleze nilivyojua, usije ukadhani kuna mtu amekusema. Jumanne mchana nilipita nyuma yako barazani ukichora. Nikaona unachora kidogo, unageuza picha juu chini, unachora tena, unaigeuza inarudi. Nikakuuliza, "Mbona unaizungushazungusha?" Ukanijibu bila kuinua uso, "Ndivyo wasanii wanavyofanya, Tata." Nikafurahi mno. Nilitoka pale nikaenda kumweleza jirani yetu kwamba binti yangu ana mbinu za kisanii ambazo hapa Rubwera hazijaonekana. Mzee mzima.

Jumatano ulipokwenda kuagana na wanakwaya wenzako, nikaingia chumbani kwako. Naomba radhi kwa hilo. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu nijaribu kumchora kwa ile kalamu Bihogo, ng'ombe niliyemuuza ili kompyuta hiyo inunuliwe. Neno la siri ulinifundisha wewe mwenyewe. Nikaikunja nyuma kama ulivyonionyesha, ikalala kama sinia, nikaanza na mgongo. Mstari ukatoka vizuri, ukaenda, halafu ukakatika. Kalamu inatembea na wino hautoki. Kipande cha upana wa vidole vinne, kutoka juu mpaka chini, kimekufa. Nikidhani ni mimi niliyeiharibu, nikaizima, nikaipangusa kwa shati, nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe la kunolea panga. Nilikaa pale nikitafuta uongo wa kukuambia.

Kisha nikarudi, maana uongo sikuupata. Nikafungua tena, nikaona ukurasa mmoja kati ya michoro yako. Haukuwa na picha. Ulikuwa na mistari mitupu, mmoja chini ya mwingine, ukurasa mzima, yote inaanzia kushoto na yote inakatika mahali pamoja. Chini yake kompyuta yenyewe imeandika siku: Jumapili. Jumapili ile ile ya sherehe. Ndipo nikaelewa ulichokuwa unakifanya chumbani wakati sisi tunakunywa rubisi nje tukijipongeza.

Ulipotoka nilikuuliza mbele ya watu, "Vipi?" Ukasema, "Ni nzuri sana, Tata. Webale." Ukapiga goti kidogo la shukrani kama mama yako alivyokufundisha, ukaenda kuosha vyombo ambavyo shangazi zako walikuwa wameshaviosha.

Sasa mimi niseme upande wangu, ambao huujui wote.

Wewe unajua baba yako anajulikana kwa jicho. Wanaume wa Kyerwa na hata wa Karagwe hunichukua mnadani niwachagulie ng'ombe. Natazama kwato, nabonyeza kiwele, nafungua mdomo, namfanya atembee. Na kuna kanuni moja ninayowafundisha wote: muuzaji akishusha bei kabla hujaomba, zunguka upande wa pili umtazame mnyama vizuri. Hii kanuni naijua kuliko ninavyoijua Baba Yetu.

Basi nikaenda Bukoba. Wale watu wa Mwanza walikuwa wamekuambia watakupokea kwa majaribio ya wiki tatu, kuchora picha za vitabu vya shule na zile katuni zinazotembea, ila uje na kompyuta yako, yenye kioo kikubwa, inayochorwa kwa kalamu. Uliponieleza nikasema "nitaona," kwa ile sauti yangu, ukaondoka umenywea. Nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka tu usijue.

Dukani nilimkuta dada mmoja mwenye miwani, mwenye adabu sana. Akanionyesha ya mfano iliyokuwa juu ya kaunta, inchi kumi na saba, akaikunja mpaka mgongo ukagusa mgongo, akachora ua. Nikamuuliza bei, akaitaja, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Lakini kwako Mzee kuna punguzo." Akaeleza kwamba limetoka toleo jipya, hili wanalimaliza, imebaki moja tu, iko kwenye boksi lake. Punguzo lenyewe lilikuwa kubwa. Hakunidanganya neno hata moja, na nataka ulijue hilo, maana nimeshatafuta sana mtu wa kumlaumu.

Nikalikagua boksi. Usicheke. Nilikagua pembe zote nne za boksi, nikalipima uzito kwa mkono, nikalinusa. Yule dada akachukua kisu kidogo akasema, "Tuifungue, Mzee? Tuiwashe, tujaribu kalamu pande zote, ndipo nikuandikie risiti." Nikamshika mkono. "Binti, usikate hiyo nailoni."

Akashangaa. "Mzee, ikiwa na tatizo tunabadilisha ndani ya siku kumi na nne. Ila lazima uifungue ndiyo ujue. Basi ukifika tu nyumbani, ifungue leo leo."

Nikasema ndiyo, ndiyo, leo leo.

Unajua utaratibu wa ukoo wetu. Mtoto anayetoka nyumbani hapewi kitu na baba yake mkono kwa mkono. Baba ananunua, shangazi anakabidhi, watu wanaona, na kabla ya siku hiyo hakiguswi. Mimi ndama wangu wa kwanza alikaa kwa baba mvua mbili akimngoja shangazi yetu atoke ng'ambo ya mto, na hakuna aliyethubutu kumfunga kamba. Kwa ndama haina neno. Ndama anakula na kukua huku anangoja. Sikufikiri kwamba kompyuta ndani ya boksi haikui.

Nilikusudia wiki moja. Shangazi yako akaniambia mumewe kaugua, yuko Nyakasimbi anamuuguza, hawezi kutoka. Nikasema itakaa. Alipopona, mwinjilisti naye akawa safarini, na mimi nilitaka iombewe. Nikasema itakaa. Hiyo ilikuwa tayari siku ya kumi na tisa, na nilihesabu, Kemilembe, nilijua zile kumi na nne zimepita. Nikajiambia kitu kipya hakiharibiki kwa kukaa. Baada ya hapo nikaongeza sababu zangu: nilitaka jamaa zangu wa mnadani wawepo, na wao walikuwa na chanjo ya mifugo. Miezi miwili. Kila mgeni niliyemwamini nilimwingiza chumbani kwangu kumwonyesha boksi juu ya kabati. Nusu ya Rubwera iliiona kabla yako.

Na wewe muda wote huo ulikuwa unachora kwa kidole kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Siku moja ulikuja kusimama mlangoni pangu ukasema, "Tata, macho yananiuma." Nilikuwa nimeketi kitandani, boksi liko juu ya kichwa changu. Nikakuambia, "Pumzika kidogo." Ukasema haya, ukaenda kupumzika. Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine.

Jumapili nikasimama mbele ya watu. Unakumbuka hotuba yangu. Nilisema, "Mimi Daudi sijawahi kuleta kitu kibovu katika nyumba hii." Vigelegele vikapigwa. Shangazi yako akakata nailoni kwa kisu cha ndizi, kompyuta ikapita mkono kwa mkono, wazee wakaikunja na kuikunjua kama mlango, na mimi nimesimama pembeni nimefura. Baada ya maneno kama hayo, ungenijia vipi kuniambia ni mbovu? Nilikuwa nimekufunga mdomo kabla hujaifungua.

Lakini naomba tusiishie kwenye hotuba, maana hotuba ni ya Jumapili na hili jambo ni la zamani.

Ulikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimenunua ndama mzuri wa kike, mwekundu, nikamleta kwenye josho ili wanaume wamwone. Wote wakamsifu. Ukapenya kati ya miguu ya watu ukaniambia, "Tata, huyu haoni." Nikakuambia nyamaza. Ukasema tena, "Nimempungia mkono, hapepesi." Nilikupiga kofi. Mbele ya wale watu wote nilikupiga kofi, nikakurudisha nyumbani peke yako, na ulipofika mama yako alikuuliza umefanya nini ukamwambia umeanguka. Wiki ya tatu yule ndama akatumbukia kwenye shimo la kuchimba udongo wa matofali akavunjika. Nikamchinja. Nyama tukala. Sikuwahi kukuambia kwamba ulisema kweli. Nilingoja usahau, na kwa kuwa hukuwahi kulitaja nikadhani umesahau.

Ukiondoa ile ya macho, tangu siku ile hujawahi kuniletea habari mbaya. Nimekaa leo nikitafuta hata moja, nimekosa. Ulipofeli hesabu aliniambia mwalimu. Ulipoibiwa simu Kayanga niliambiwa na kondakta. Mimi nilijisifu kwa watu kwamba binti yangu hana matatizo.

Sasa mama yako.

Wiki nne za mwisho sitazisema, ulikuwepo. Nataka kusema miezi ile ya kabla. Alikuwa na uvimbe titini, ukubwa wa buni, na alikuwa nao tangu msimu wa kahawa hadi tulipomaliza kuvuna maharage. Nilimwona anakamua kwa mkono mmoja. Nikamuuliza una nini, akasema, "Ni uchovu tu, baba Kemi." Nikaridhika. Nakwambia ukweli: niliridhika upesi. Kuna sehemu yangu iliyomwona anavyokunja uso, na sehemu hiyo ikafurahi kuambiwa ni uchovu, kwa sababu uchovu haunidai kitu. Na yeye alinijua. Alijua akinitajia hospitali nitaanza kufoka kana kwamba amekosea kuugua. Nisingekuwa nimemkasirikia yeye. Ningekuwa nimeogopa, lakini mimi nikiogopa sauti hupanda, na kwa mtu anayesikiliza hakuna tofauti.

Siku ya mazishi mzee mmoja alisema ile methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Wote tukaitikia kwa kichwa, na mimi nikaitikia. Nikamwacha mama yako azikwe na lawama ile. Hakuwa mficha maradhi. Alikuwa na mume ambaye haambiliki. Nimelijua hilo kwa miaka sita na leo ndiyo mara ya kwanza naliandika.

Jumapili uliposema "ni nzuri sana, Tata," sikusikia chochote. Jumatano nilipoona ile mistari ndipo nikaisikia vizuri sauti uliyoisema nayo. Ilikuwa sauti ya mama yako akisema ni uchovu tu. Ile ile, na macho yanatazama ndoo ya maziwa.

Nimehangaika, mwanangu. Nilimpigia simu yule dada wa dukani. Nikamweleza. Akaniuliza, "Mzee, uliifungua lini?" Nikamwambia Jumapili. "Jumapili ipi?" Nikamwambia hii. Nikaanza kumweleza habari za shangazi na mwinjilisti na jamaa wa mnadani, na nilivyokuwa naeleza nikasikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Akasema, "Pole sana, Mzee. Nilikuomba tuifungue." Hakusema kwa ubaya. Nilitamani aseme kwa ubaya nipate wa kugombana naye.

Jana nikapanda bodaboda mpaka Kayanga kwa yule fundi anayetengeneza redio za kanisa, nikiwa nimenakili jina la mashine kutoka kwenye boksi. Akanieleza kwamba kalamu haina kosa, kilichokufa ni kioo chenyewe, kinabadilishwa kizima. Akasema hakipatikani hapa, kinaagizwa, na bei yake karibu ununue nyingine. Nikamuuliza muda. Akasema huenda miezi. Wewe unaanza Jumatatu.

Nilipotoka kwa fundi nikampigia Shangazi Eliza. Nilitaka kukiri kwa mtu mmoja kwanza, nijipime kama naweza. Nikamwambia, "Dada, kompyuta ya mtoto ni mbovu, na ni mimi." Akasema, "Tunajua, kaka. Kemi aliniambia Jumatatu."

"Tunajua nani?"

"Mimi. Na mwinjilisti. Na mke wake."

"Na mbona hamkuniambia?"

"Alituomba usiambiwe. Alisema Bihogo ameondoka, mama yake ameondoka, akikuambia na hili utabaki na nini."

Na mimi, Kemilembe, pale barabarani Kayanga, watu wanapita na mikungu yao, nilimfokea. Nilimfokea dada yangu mkubwa kwa sauti kubwa hata mwenye bodaboda akazima pikipiki kunitazama. Nilisema mmenifanya mtoto, mmenifanya mjinga katika nyumba yangu. Sijui nilisema nini kingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno moja tu, kwa upole, "Unaona?"

Nikakata simu. Nilitembea kilomita nzima kabla ya kupanda tena.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa nimebadilika. Sijabadilika. Hata jana mchana nilikuwa yule yule. Ndiyo maana naandika na sisemi: karatasi hainijibu, siwezi kuifokea. Na nina hofu, mwanangu, nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata mbele ya jeneza, maana pale jambo lilikuwa limeshakwisha. Hili ndiyo kwanza linaanza. Utakuwa Mwanza. Nitakupigia Jumapili baada ya ibada na kukuuliza vipi, nawe utasema nzuri, Tata. Wakikufukuza kazini utasema nzuri. Ukilala njaa utasema nimeshiba. Ukiwa na uvimbe utasema ni uchovu tu. Na mimi nitaweka simu mfukoni niende kuwaambia watu mnadani kwamba binti yangu hana matatizo. Nitajua ukweli siku ya kuletewa habari ya msiba. Siwezi tena. Nimeshafanya hivyo kwa mtu mmoja na sina nguvu za kufanya mara ya pili.

Juu ya Jumatatu, sitakufundisha kazi nisiyoijua. Labda utaweza kuchora wiki tatu kwa kugeuzageuza kama ulivyofanya barazani, na wasijue. Una akili, unaweza. Lakini nakutazama tangu Jumanne: picha unayoimaliza kwa saa moja kwenye simu mbovu, kwenye kompyuta hii inakula mchana kutwa, na mabega yanakupanda mpaka masikioni. Wao watahesabu muda tu. Watadhani ndio uwezo wako. Kama ningekuwa mimi, na mimi sijawahi kufanya hivyo hata mara moja, ningewaonyesha ile mistari kabla hawajaniuliza kitu. Ningesema kioo kimekufa hapa, mikono yangu ni mizima. Huenda wana kompyuta nyingine ya kukuazima. Huenda watakuambia rudi nyumbani. Wakikurudisha, kosa liandikwe kwangu na lisiandikwe kwako, na ukipenda uwape namba yangu niwaeleze mwenyewe kwa nini boksi lilikaa miezi miwili juu ya kabati. Nitaona aibu na nitaeleza.

Ng'ombe wawili waliobaki wana mimba. Usiniambie nisiuze, najua utaniambia nisiuze. Hilo tutalizungumza wakizaa. Kwa sasa sina cha kukupa, na nimegeuza nyumba nzima leo nikitafuta. Nimepekua hata sanduku la mama yako. Nguo zake tu.

Naona jua limefika kwenye kilele cha mgomba wa jikoni, kwa hiyo hauko mbali. Barua hii naiweka ndani ya kompyuta, juu ya vitufe, kisha naifunga, maana ndicho kitu cha kwanza unachokifungua ukiingia chumbani. Ukiisoma njoo sebuleni. Nitakuwa nimekaa, redio nimeizima.

Usiniamkie shikamoo. Usiniulize kama nimekula. Usiniambie yamekwisha, Tata, wala usilie ili nikubembeleze tukasahau. Simama mbele yangu uniambie: Baba, kompyuta ni mbovu, na wewe ndiye uliyeichelewesha. Useme hivyo hivyo, kwa mdomo wako, kabla hujapanda basi la kesho. Kama hutaweza kuniambia hilo mimi nikiwa mbele yako, hutaniambia lolote ukiwa mbali, na mimi nitakuwa nimekupoteza nikiwa bado nakupigia simu kila Jumapili.

Ningependa kukuahidi kwamba nitatulia. Unanijua. Nikinyamaza, usiondoke. Nikipandisha sauti, ngoja nimalize, kisha sema tena.

Baba yako,
Daudi